Bomba Litangulie, Barabara Ifuate

Kila mwananchi aliyewahi kutoka Njombe kwenda Ludewa wakati wa masika, kabla ya barabara mpya, aijua safari hiyo ilivyokuwa. Gari lilipanda mlima na kushuka mlima, udongo mwekundu umeloa ukawa kama sabuni, na shehena ya viazi, mahindi au mbao ikalala njiani ikingoja jua. Mgonjwa aliyehitaji kufika hospitali naye alingoja jua. Kwa sababu hiyo, kilipojengwa kipande cha kilomita 50 kutoka Lusitu hadi Mawengi, tena kwa zege wala si kwa lami, watu wa nchi ya Mlangali walikuwa na haki ya kufurahi.

Sifa za barabara hiyo zimekwisha semwa na wengi, nasi hatuna haja ya kuzirudia. Leo twapenda kusema habari ya kitu kisichopigwa picha siku ya ufunguzi, kwa kuwa hakionekani: bomba la maji lililolala chini ya barabara, au kando yake.

Neno letu ni fupi. Barabara kuu ikisha kujengwa, zamu hufika ya barabara ndogo ziungazo mitaa, shule, zahanati na masoko. Tunasema kwamba popote itakapojengwa upya barabara ya mtaa au ya kijiji, bomba kuu la maji lililochakaa lichimbuliwe na kubadilishwa kwanza, ndipo barabara ifungwe juu yake. Anayefanya kinyume cha hayo hajengi barabara, bali anajenga kifuniko cha tatizo, na siku ya kukifungua kifuniko hicho gharama yake italipwa na wananchi wale wale walioshangilia.

UDONGO, MILIMA NA ZEGE

Yafaa kwanza tueleze kwa nini jambo hili ni zito zaidi Mlangali kuliko mahali pa tambarare. Barabara itokayo Itoni kupita Ludewa hadi Manda, kwenye pwani ya Ziwa Nyasa, ina urefu wa zaidi ya kilomita 200, nayo hupita katika milima yenye mvua nyingi, ukungu na miteremko mikali. Katika wilaya hiyo hiyo umo mkaa wa mawe wa Mchuchuma na chuma cha Liganga, mali ambayo ikichimbwa kwa wingi itahitaji magari mazito. Zege likachaguliwa kwa kipande cha Lusitu na Mawengi kwa kuwa huvumilia maji na uzito kuliko lami, na likitunzwa hutarajiwa kudumu miaka 30 au 40.

Lakini kila sifa ina upande wake wa pili. Barabara ya changarawe ukiichimba leo kupitisha bomba, kesho waishindilia na yarudi kuwa barabara. Ya lami ukiikata waiacha na kiraka, na kiraka kikifanywa vibaya ni shimo la mvua ijayo. Hata hivyo yazibika. Zege ni jambo jingine. Hulimwagwa katika mabamba makubwa, kila bamba likishikamana na jirani yake kwa viungo vilivyopimwa, na huhitaji siku 28 hivi kupata nguvu zake zinazotakiwa. Ukilikata bamba katikati kutafuta bomba linalovuja, umeivunja nguvu yake yote. Hulirudishi kwa koleo mbili za saruji. Shurti bamba zima livunjwe na limwagwe jipya.

Basi kadiri barabara inavyokuwa bora, ndivyo kosa lililofukiwa chini yake linavyokuwa ghali. Wengi hudhani kwamba barabara imara haina haja ya kufikiriwa mambo ya chini yake. La hasha! Barabara imara ndiyo yenye haja hiyo kuliko nyingine zote.

LILILOLALA CHINI YA ARDHI

Sasa tutazame ni nini kilicholala huko chini. Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwapatia maji wananchi wote wa vijijini, hata ifikapo mwaka 1991 kila mtu awe na maji safi karibu na nyumba yake. Mkoa wa Iringa wa siku zile, ambao ndani yake zilikuwamo Njombe, Makete na Ludewa, ulipata bahati ya kuandaliwa mpango mkuu wa maji kwa msaada wa Denmark mwanzoni mwa miaka ya 1980, pamoja na mikoa ya Mbeya na Ruvuma. Huko Wanging'ombe ulijengwa mradi mkubwa wa maji ya mserereko kwa msaada wa UNICEF, mradi uliofika vijiji vingi kwa chanzo cha mlimani bila pampu wala mafuta.

Hekima ya miradi ya namna hiyo ni kwamba maji hushuka yenyewe. Chanzo kiko juu, kijiji kiko chini, na kati yake pana tanki, mabomba na vilula. Wananchi wenyewe walichimba mitaro ya mabomba kwa majembe na koleo, kijiji kimoja siku hii na kingine siku ya pili. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima, nayo imewanywesha watu kwa miaka mingi.

Walakini bomba lililofukiwa mwaka 1985 limekwisha timiza miaka 40. Plastiki ya zamani huwa ngumu na kupasuka, chuma hula kutu, viungo hulegea. Tena katika nchi ya milima maji yenyewe ni mzigo, kwani kila meta 10 za mteremko huongeza mkandamizo wa karibu kilo moja juu ya kila sentimeta moja ya mraba ya bomba. Maji yakishuka meta 60 bila tanki la kuyapunguzia nguvu njiani, bomba la chini hubeba kilo sita kwa kila sentimeta hiyo, mchana na usiku. Bomba jipya lastahimili. Bomba la zamani lililotikiswa na katapila halistahimili.

Tuwaeleze wasomaji wetu namna mambo yanavyokwenda, kwa kuwa wengi huyaona matokeo bila kuyajua masababu yake. Barabara inapojengwa upya milimani, mahali pengine kilima hukatwa na mahali pengine bonde hujazwa kifusi. Kilima kikikatwa, bomba lililokuwa chini meta moja hubaki wazi juani, au huning'inia hewani. Bonde likijazwa, bomba lile lile hufukiwa meta nne, na hakuna fundi wa kijiji awezaye kulifikia tena kwa koleo. Kati ya mahali hapo na pale hupita mtambo wa kushindilia, ambao hutetemesha ardhi hata viungo vya zamani vifunguke. Bomba halikukatwa, wala hakuna aliyeona kosa, bali limeanza kuvuja.

Mvujo wa chini ya barabara ni adui afanyaye kazi kimya. Maji huubeba udongo laini kidogo kidogo mpaka pafanyike pango. Barabara ya changarawe ingebonyea mapema, watu wakaona, wakaziba. Zege halibonyei mapema. Husimama juu ya pango kama daraja, likipokea magari kana kwamba hakuna neno, mpaka siku lori zito litakapopita na bamba kuvunjika. Siku hiyo vitu viwili hupotea pamoja, barabara na maji. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa umefunikwa usionekane, na ukuta wa kujengwa ni wa zege.

Na wakati huo wote nani huumia? Sera ya maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwamba kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250, na mtu asitembee zaidi ya meta 400 kukifikia. Bomba kuu likikatwa, kipimo hicho hubaki katika karatasi. Akina mama na watoto wa shule hurudi bondeni na ndoo, na bonde la nchi ya Mlangali si meta 400. Ni mteremko wa kwenda mikono mitupu na mpando wa kurudi na lita 20 kichwani. Zahanati huchota maji kwa ndoo. Mtoto huchelewa darasani. Hasara hizo haziandikwi katika hesabu ya mkandarasi, lakini zimelipwa na mtu.

OFISI NNE, MTARO MMOJA

Twaulizwa: ikiwa jambo hili li wazi hivyo, kwa nini halifanyiki kila mahali? Jibu ni kwamba barabara na bomba, vikaavyo pamoja ardhini, ofisini havikai pamoja.

Barabara kuu na za mikoa ni kazi ya TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini ni kazi ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Maji ya vijijini ni kazi ya RUWASA, iliyoanza mwaka 2019 kwa Sheria Na. 5 ya mwaka huo, pamoja na vyombo vya jamii vinavyoendesha miradi na kukusanya ada. Maji ya mijini yako chini ya mamlaka za maji za miji. Kila ofisi ina bajeti yake, mwaka wake wa kazi, mkandarasi wake na taarifa yake ya kupeleka Dodoma. Hatusemi kwamba kugawanya kazi hivyo ni vibaya. Kila chombo kilianzishwa kwa sababu njema, na kazi ya kila kimoja yaonekana. Twasema kwamba mtaro ni mmoja, na mwananchi ni mmoja.

Sheria nayo yafaa ijulikane. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ndiyo maana wananchi wengi waliona alama za X katika kuta zao, nyekundu kwa wale waliohesabiwa kuwa waliingia ndani ya hifadhi ya zamani, na kijani kwa wale walioikuta sheria mpya ikiwafuata nyumbani, ambao walistahili fidia. Lakini bomba halina ukuta wa kupigwa alama. Mabomba mengi ya miaka ya 1980 yalifukiwa kando ya njia kwa kuwa ndipo palipochimbika kwa urahisi na ndipo watu walipokaa. Barabara ilipopanuliwa, bomba lilijikuta ndani ya hifadhi, na mara nyingine katikati ya barabara, wala halikuhama.

Hapo ndipo mabishano huzaliwa. Mwenye barabara asema: ondoa bomba lako katika hifadhi yangu. Mwenye maji ajibu: sina fungu la kuliondoa mwaka huu. Mkandarasi naye ana mkataba wenye tarehe, na kila siku mitambo yake ikisimama gharama yahesabiwa. Mwisho wake katapila hupita. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi, na hapa nyasi ni mwenye ndoo.

Tunalo jambo moja la kuwakumbusha wote. Fedha za Mfuko wa Barabara zatoka kwa sehemu kubwa katika tozo ya mafuta ya petroli na dizeli. Mfuko wa Taifa wa Maji nao hulishwa na tozo juu ya lita hizo hizo. Mkulima wa Mlangali anapolipa nauli kwenda Njombe, au anapopeleka gunia la viazi sokoni kwa lori, amekwisha lipia barabara na amekwisha lipia maji kwa shilingi zilizotoka mfuko mmoja, nao ni wake. Haelewi kwa nini shilingi hizo zikifika ofisini zisijuane tena.

MFANO WA MAKAMBAKO NA WA DAR ES SALAAM

Asifikiri mtu kwamba haya ni ya kijijini tu. Tutazame Makambako, mji uliozaliwa na njia. Hapo hukutana barabara kuu iendayo Zambia, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na barabara ya Songea ipitayo Njombe, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza na kukamilika katikati ya miaka ya 1980. Mji ulikua haraka kuliko maji yake. Mwaka 2018 Serikali ilitia sahihi mkopo wa India wa dola milioni 500 za Marekani kwa ajili ya miradi ya maji ya miji 28, na Makambako, Njombe na Wanging'ombe zikawa miongoni mwa miji hiyo. Mikataba ya ujenzi ilitiwa sahihi Juni 2022.

Neema hiyo ni kubwa. Lakini bomba la kuyafikisha maji kwa mwananchi wa Makambako halina budi kuvuka barabara, na kuvuka reli, na kupita katika mitaa. Mji uliokatwa na njia kuu ni kama nyumba yenye mto katikati. Kila mtaa ukiwekewa lami kabla bomba halijapita, njia ya bomba imefungwa, na kila kiraka kitakachopigwa baadaye ni fedha iliyotumiwa mara mbili. Kinyume chake, ofisi mbili zikikaa meza moja na kupanga mtaa gani uanze, mtaro mmoja utafunguliwa mara moja, bomba litalala, na barabara itafungwa juu yake.

Dar es Salaam imekwisha lipa ada ya somo hili. Maji ya mji huo kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, kwa mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959 na wa Ruvu Chini wa mwaka 1976, na mabomba yake makuu yalifuata njia za Morogoro na Bagamoyo, kwa kuwa mtu wa siku zile hakuota kwamba siku moja njia hizo zitakuwa na magari maelfu kwa maelfu. Barabara ya Morogoro ilipoanza kupanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, mwaka 2018, mabomba makubwa na madogo yalilazimika kuhamishwa ili barabara ipite. Mji mkubwa wenye mafundi wengi na mapato mengi waweza kuhamisha bomba, japo kwa taabu. Kijiji cha Ludewa hakina nguvu hiyo. Ndiyo sababu kijiji chahitaji kufikiri mapema kuliko mji.

MAMBO MATANO

Kulaumu ni rahisi, na gazeti linaloishia katika lawama halijengi. Sisi twaona yako mambo matano ambayo yakifanywa, taabu hii itapungua sana, wala hayahitaji sheria mpya.

La kwanza, mabomba yachorwe. Katika vijiji vingi ramani ya mabomba imo kichwani mwa fundi mmoja mzee aliyekuwapo yalipofukiwa. Mzee huyo akitutoka, ramani imezikwa naye. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla greda halijaingia, mhandisi wa barabara, fundi wa maji na wazee wa kijiji watembee njia nzima kwa miguu, wapige vigingi palipo na bomba, valvu na chemba, na vipimo vyake viandikwe na nakala ibaki katika ofisi ya kijiji.

La pili, gharama ya kuhamisha na kubadilisha bomba iandikwe ndani ya makadirio ya barabara tangu mwanzo, au iwekwe katika bajeti ya maji ya mwaka ule ule. Isiwe jambo la kukumbukwa mkandarasi akisha kufika. Bomba lililopita umri wake lisihamishwe tu likafukiwe tena. Kulichimbua bomba la miaka 40 na kulirudisha ardhini ni sawa na kumshonea mtu kanzu mpya kwa uzi uliooza. Lipitishwe jipya, na siku hizi yapo mabomba meusi ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, yenye viungo vichache na yanayovumilia mtikisiko.

La tatu, na hili ndilo rahisi kuliko yote, kila barabara ya lami au ya zege iwekewe mabomba matupu ya kinga yanayoikata kutoka upande huu hadi upande huu, kila penye njia panda, shule, soko au kundi la nyumba. Bomba la kinga ni ala tu. Leo halina kitu ndani. Kesho maji yakitakiwa ng'ambo, bomba la maji litapenyezwa ndani ya ala hiyo bila kuvunja hata kipande cha zege. Likipasuka, litavutwa nje na jingine kuingizwa. Gharama yake wakati wa ujenzi ni ndogo mno ukiilinganisha na bamba moja la zege la kuvunjwa na kumwagwa upya.

La nne, pale ambapo zege limekwisha mwagwa, kama ilivyo kati ya Lusitu na Mawengi, asiruhusiwe mtu kulikata kwa pupa. Afadhali bomba lipite pande zote mbili za barabara, nje ya mfereji wa maji ya mvua, kila upande ukihudumia nyumba zake, kuliko kutoboa barabara kila baada ya nyumba kumi.

La tano, wananchi waambiwe. Maji yakikatwa kwa ajili ya kazi, yatajwe siku ya kukatwa na siku ya kurudi, na liwekwe bomba la muda au tanki mahali pa wazi. Watu wetu ni wavumilivu kwa shida waliyoelezwa. Wanachokosa kuvumilia ni kukaa gizani wasijue kama ni siku tatu au miezi mitatu.

JE, BARABARA INGOJE?

Twajua yatakayosemwa dhidi yetu. Watasema: mwataka barabara ingoje mpaka lini? Fedha za barabara zikikosa kutumika katika mwaka wake hurudi. Mvua haingoji. Mkulima ambaye viazi vyake vinaoza ataka njia leo, wala hataki mkutano wa ofisi nne.

Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Aliyelala njiani na mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri ramani. Lakini hatusemi barabara ingoje bila kikomo. Twasema barabara na bomba vipangwe pamoja, na kazi ya bomba iwe na tarehe yake kama ya barabara ilivyo nayo. Kuchora mabomba ya kijiji kimoja ni kazi ya siku chache. Kuweka ala za kuvukia hakuongezi mwezi. Na kama kweli fedha ya bomba jipya haipo mwaka huo, basi ziwekwe ala na itengwe njia ya bomba kando, barabara ijengwe, na bomba lifuate pasipo kuidhuru. Hilo si kuchelewesha, bali ni kuacha mlango katika ukuta. Haraka haraka haina baraka, na barabara iliyojengwa kwa haraka juu ya bomba lililooza ndiyo itakayochelewesha watu kuliko zote.

WAJIBU WA MWANANCHI

Haitakuwa haki tuwaonye wakubwa na tuwaache wananchi. Mpango ule wa mwaka 1971 ulikuwa na nia njema, lakini ulipofika mwisho wake mwaka 1991 miradi mingi nchini ilikuwa imesimama, si kwa kukosa kujengwa bali kwa kukosa kutunzwa. Ndipo sera ya maji ya mwaka huo ikawataka wanaotumia maji wachangie gharama zake. Ada ya maji si adhabu. Ndiyo inayonunua valvu na kiungo siku bomba linapopasuka.

Yako na mengine. Mwananchi asijenge wala asipande miti juu ya njia ya bomba. Asijiunganishie maji kwa siri kwa kukata bomba chini ya barabara usiku. Mvujo wake ndio utakaobomoa barabara aliyoililia miaka mingi. Vifuniko vya chemba na valvu si chuma chakavu cha kuuza. Anayejua bomba linapopita, hata kama ni bibi kizee asiyeitwa katika mkutano wowote, ajitokeze aonyeshe, naye asikilizwe. Na viongozi wa kijiji wasikubali sherehe ya kukabidhiwa barabara kabla hawajauliza swali hili moja: mabomba yetu yako wapi, na ni ya mwaka gani?

Mkoa wa Njombe, uliozaliwa mwaka 2012, ni mkoa wa chemchemi na milima. Huko maji hayakukosekana na Mungu. Yalikosekana bomba na utunzaji. Barabara nayo imeanza kufika. Itakuwa aibu kwa kizazi chetu ikiwa vitu viwili ambavyo babu zetu hawakuvipata vitafika mlangoni pamoja na kimoja kikamuua mwenziwe kwa kukosa mtu wa kuwakalisha wenye navyo meza moja.

Kwa hiyo twawaomba wanaohusika na barabara, na wanaohusika na maji, katika Ludewa, Njombe na Makambako, wasingojee amri kutoka mbali. Wakutane kabla ya mvua zijazo, wachukue orodha ya mitaa na vijiji ambavyo barabara zake zimepangiwa kujengwa, na mbele ya kila jina waandike hali ya bomba lililo chini yake. Palipo bomba bovu, libadilishwe. Pasipo bomba, iwekwe ala. Kisha barabara na ijengwe kwa nguvu zote, nasi tutakuwa wa kwanza kuisifu.

Bomba litangulie, barabara ifuate. Hayo ndiyo maoni yetu.